Eda Iliyongoja Sheria

Mwandiko wangu ndio ulioniponza. Tangu nikiwa darasa la nne nilisifiwa kwa herufi zilizonyooka, na sifa hiyo ikanipatia kazi ya ukarani mahakamani hapa Tanga, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nje ya mahakama ilinipatia kazi nyingine isiyo na mshahara wala likizo. Kila mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikikaribia, ukoo wetu hukusanyika Ngamiani kuwarehemu wazee, na mimi ndiye ninayeandika karatasi ya majina ya marehemu yatakayosomwa kwenye hitima. Ukisahau jina, marehemu mwenyewe hasemi kitu, lakini wajukuu zake watakusema barazani mpaka Shaabani nyingine.

Basi mwaka mmoja, kwa kuogopa kusahau, nikaongeza jina ambalo halikuwamo. Niliandika jina la mume wa shangazi yangu.

Shangazi huyu ni dada yake baba, kifungua mimba wao, mwanamke mrefu mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita alipeleka shehena ya chumvi na sabuni nchi jirani, wakati wenyewe huko walikuwa vitani. Njiani wakasimamishwa kwenye kizuizi na watu wenye sare na bunduki. Tandiboi wake, mtu mzima wa Pongwe, alikuwa ameshuka kujisaidia, akayaona yote akiwa kwenye majani. Dereva aliambiwa ashuke, akapandishwa nyuma ya pikapu, mzima, kavaa kiatu kimoja, na pikapu ikaondoka. Tandiboi alirudi Tanga baada ya wiki kadhaa, miguu imevimba. Hiyo ndiyo habari ya mwisho tuliyoipata.

Barua za kumuulizia niliziandika mimi. Shangazi alikaa pembeni yangu akisema, nami nikiandika. Tuliiandikia serikali ya huko, tukaliandikia jeshi la huko, tukaandikia kila ofisi ambayo mtu alitutajia. Majibu matatu yalikuja, na yote yalisema jambo moja: mtu wa jina hilo hatunaye wala hatumjui. Shangazi aliyatia kwenye bahasha ya kaki, akaiweka chini ya godoro.

Miaka minne ilipopita, sheikh wa mtaa alimwendea kwa adabu akamweleza kwamba dini haimfungi mwanamke aliyepotelewa na mume. Muda umepita, ahesabiwe amefiwa, akae eda yake ya miezi minne na siku kumi, kisha awe huru. Shangazi alimkaribisha kahawa, akamshukuru, akakataa. Wazee wakamkumbusha kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Akakataa vilevile. Mtaani tukasema anamngoja, maskini, bado ana matumaini. Na mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Ndiyo maana nilipoliandika lile jina niliona ni heshima. Mume wa watu kakosa dua miaka yote ile kwa sababu mkewe hataki kukubali, na mimi nimeshika kalamu. Siku ya hitima wanaume walikuwa ukumbini na sisi wanawake uani, na mwalimu wa madrasa akawa anasoma majina kutoka kwenye karatasi yangu. Mwandiko ulikuwa wazi kabisa, hakukwama hata mahali pamoja. Jina lile lilipotajwa, shangazi alikuwa amebeba sinia la visheti. Aliliweka chini, akaenda akasimama kwenye mlango wa ukumbi walipokaa wanaume, jambo ambalo sijamwona mwanamke yeyote akilifanya katikati ya hitima.

"Huyo mtoeni," alisema. "Hajafa huyo. Kachukuliwa."

Kisomo kikasimama. Mwalimu aliomba kalamu, akalikata jina mbele ya watu. Shangazi hakuuliza nani kaandika, kwa sababu mwandiko ule haukuwa na haja ya kuulizwa mwenyewe. Miaka miwili mizima baada ya hapo, nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku akitazama ukuta. Siku niliyostaafu ndipo alipotokea nyumbani kwangu Makorora na bakuli la bada, ule ugali wetu wa muhogo, pamoja na samaki wa nazi. Akaliweka mezani, akaniuliza kwa nini pazia langu limefifia vile. Nikajua nimesamehewa, na nikajua pia kwamba jambo lile halitatajwa tena.

Nayaeleza haya yote ili ieleweke kilichonipata mwaka juzi, mchana wa saa nane, kwenye meza hiyohiyo.

Kikundi cha wanasheria kilikuwa kinazunguka mikoani kukusanya maoni juu ya rasimu ya muswada, na mtu mmoja aliyenikumbuka tangu mahakamani akanipendekeza niandike kumbukumbu za mkutano wao wa Tanga. Wakaniletea rasimu niisome mapema. Jina lake lilikuwa refu mpaka nikapumzika katikati. Kwa ufupi, nchi yetu ilikwisha kutia saini na kuridhia mkataba wa mataifa unaohusu uhalifu mkubwa kuliko wote: mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu. Lakini kwetu mkataba peke yake hauwi sheria ya mahakama. Ni mpaka Bunge litunge sheria ya kuuingiza. Posa imekubaliwa, mahari imetolewa, lakini bibi harusi bado yuko kwao. Muswada ule, kama ungepita, ndio ungemleta nyumbani.

Nakiri nilianza kusoma kwa dharau. Miaka yangu yote ya kazi nilizoea sheria za ukubwa wetu: kuku, mipaka ya viwanja, matusi ya bombani, na baiskeli, kwa maana hapa Tanga ukitaka kumliza mtu mwibie baiskeli yake. Nikajiuliza hayo mambo ya kimbari yatafikaje kwenye chumba kile chenye njiwa darini na kizimba kilichobanduka ubao. Nikawa nasoma jicho moja, jicho la pili nachambua mchele.

Nilipofika kurasa za katikati, mchele nikauacha. Kulikuwa na kifungu kinachosema kwamba ni kosa kumkamata au kumchukua mtu, kwa amri au kwa ridhaa ya serikali au kundi, kisha kukataa kukiri kwamba amechukuliwa, au kukataa kusema yuko wapi na amepatwa na nini. Nikakirudia. Sikuwahi kujua kwamba kule kukataa kusema nako kumo ndani ya kosa. Nikaikumbuka bahasha ya kaki. Mtu wa jina hilo hatunaye wala hatumjui. Miaka yote nilizihesabu zile karatasi tatu kuwa ni majibu, kumbe lilikuwa kosa lenyewe, limeandikwa kwa mashine na kupigwa muhuri.

Kifungu kilichofuata kilisema kosa hilo litahesabiwa kuwa linaendelea mpaka ijulikane mtu huyo aliko na yaliyompata. Na mbele zaidi: mtu aliyefanya uhalifu wa namna hii mahali popote, akionekana ndani ya mipaka yetu, mahakama zetu zitakuwa na uwezo wa kumhukumu.

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, maana hakukuwa na hakimu chumbani. Nilimwona mtu wa kile kizuizi, mzee sasa, kaja Tanga kwa shughuli zake, anakunywa kahawa Ngamiani bila wasiwasi. Halafu nikamwona anaitwa jina lake na karani katika chumba kilekile cha njiwa, anapanda kizimba kilekile kilichobanduka ubao. Nilijiona mdogo sana, na nilifurahi kujiona mdogo. Watu nisiowajua, wa lugha nisizozijua, walikuwa wamekaa mahali wakabishana, wakakubaliana, wakaandika jambo lilelile alilolisema shangazi mlangoni na sinia la visheti likiwa chini: hajafa, kachukuliwa. Yeye hakupita shule ya mtu. Mimi niliyekula mkate wa sheria tangu ujana ndiye niliyemwandika mumewe kwenye orodha.

Nikakunja karatasi zangu nikashika njia ya Ngamiani kwa miguu, kwa sababu magoti yangu na baiskeli vilikwisha kupeana talaka. Shangazi nilimkuta uani anachekecha unga. Nikamsomea vifungu vile, nikamfafanulia pale lugha ilipopinda. Nilipomaliza akaweka chekeche chini. Aliniambia nirudie kile cha kosa linaloendelea. Nikarudia. Akaendelea kuchekecha, kisha akauliza mkutano ni siku gani na kama wanawake wanaruhusiwa kusema.

Siku ya mkutano alifika kabla ya wanasheria wenyewe. Alikaa mstari wa mbele, buibui limepigwa pasi, bahasha ya kaki mapajani. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu. Walikuwapo walimu, watu wa serikali za mitaa, masheikh, mchungaji mmoja na wavuvi kadhaa waliokuja, nadhani, kwa ajili ya sambusa. Mwanasheria aliyeongoza alikuwa binti wa milimani, Lushoto huko, Mlutheri mwenye msalaba mdogo shingoni. Alieleza vizuri, pole pole, hakujifanya. Alipofungua nafasi ya maoni shangazi akasimama.

Alieleza habari yote, tangu chumvi na sabuni mpaka kiatu kimoja, kisha akaenda mbele akampa yule binti bahasha. Binti alimwamkia shikamoo, akapokea kwa mikono miwili, akazisoma zile barua tatu akiwa amesimama vilevile. Alipomaliza alimwambia ukweli. Sheria za jinai kwa kawaida hazirudi nyuma kuyakamata ya zamani. Wapo wanasheria wanaosema kwamba kosa ambalo bado linaendelea litadakwa na sheria siku itakapoanza kutumika, na wapo wasiokubali hivyo, na mwishoni mahakama ndiyo itakayoamua, kama sheria yenyewe itapita. Akasema hawezi kumwahidi kitu.

Nilimkasirikia binti yule. Nilijiambia angeweza kulainisha kidogo, kwani ungempunguzia nini uongo mmoja wa adabu kwa bibi wa watu. Lakini shangazi hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa jambo analolijua.

"Hayo ya Bunge na mahakama ni yenu," alisema. "Mie nnakuuliza dogo. Nikikaa eda, wao wanatoka?"

Binti hakuelewa. Alinitazama mimi. Ikabidi niweke kalamu chini nimweleze eda ni nini: kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe hutulia nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, haolewi, na kwamba shangazi yangu eda hiyo hajaikaa mpaka leo. Nilipokuwa naeleza ndipo swali lenyewe likanifikia, nikashindwa kumalizia sentensi.

Shangazi akaimalizia yeye. "Mie si mjinga, mwanangu. Bwana wangu kafa, nnajua, nimejua tangu mwaka uleule. Lakini nikikaa eda nimesema yamekwisha. Nikisema mie yamekwisha, wao watasema nini? Watasema hata mkewe kakubali. Basi nikaona nisikae."

Wale wa sambusa waliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeona haya usoni mpaka shingoni. Miaka yote tulimhurumia kwa matumaini ambayo hakuwa nayo. Hakuwa anamngoja mume. Alikuwa amewashikilia wale watu wa kizuizi, peke yake, bila polisi, bila mahakama, kwa kitu kimoja tu alichokuwa nacho, nacho ni kukataa kulia. Nimefanya kazi na mahakimu wengi, wengine wakali, wengine waadilifu, lakini sikuwahi kumwona mtu aliyekaa kwenye kesi moja muda mrefu namna ile.

Binti wa Lushoto alirudi mezani kwake. Aliifungua rasimu, akakitafuta kifungu, akakisoma tena kimya kimya huku kidole kikifuata mstari. Kisha akashuka akasimama karibu na shangazi.

"Hapa panasema kosa linakwisha siku itakapojulikana aliko," alisema. "Hapasemi kitu juu ya msiba wako. Ulie usilie, wao bado wanaulizwa. Eda yako ni yako, bibi. Kosa ni lao."

Shangazi alimwuliza kama hiyo tayari ni sheria. Binti akasema bado. Akauliza kama imeandikwa. Binti akasema hiyo imeandikwa, yeye mwenyewe anaiona. Shangazi akaomba bahasha yake, akarudi kukaa. Nami nikaokota kalamu nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mshiriki mmoja wa Ngamiani ameunga mkono kifungu kile kibaki kama kilivyo.

Tulirudi naye kwa miguu, kwa njia ya sokoni. Alinunua machungwa ya Muheza, akabishana na muuzaji kama kawaida yake. Karibu na kwake ndipo aliposema kwamba mzigo ule alikuwa ameubeba kichwani miaka yote si kwa kupenda, ila alihofu akiutua hakuna wa kuupokea. Nikamkumbusha, kwa maana ukarani haumtoki mtu, kwamba ule bado ni muswada na huenda usipite. Akaniambia yeye amewashikilia miaka ishirini na zaidi bila hata karatasi, sasa karatasi nayo ijaribu.

Wiki iliyofuata alimwita sheikh. Si yule wa zamani, yule alikwisha kutangulia mbele ya haki, ni mwanafunzi wake. Akamwambia anataka kukaa eda.

Wapo waliocheka. Bibi anayekaribia miaka themanini anakaa eda ya mtu aliyeondoka na lori wakati wajukuu zake hawajazaliwa. Shangazi hakuwajali. Aliweka udi wake kabatini, akavaa nguo nyeupe zisizo na pambo, akakaa ndani. Sokoni nilimwendea mimi. Siku ya tatu nilipofika na mchicha nilimkuta analia, si kilio cha mtu anayekumbuka, kilio kikubwa cha habari iliyofika asubuhi ileile, na majirani waliosikia wakaanza kuingia mmoja mmoja na kanga mabegani, na waliocheka nao wakaingia, wakakaa chini mkekani. Nilisimama mlangoni na mchicha wangu sijui niuweke wapi. Nimeona mengi, lakini msiba ulioahirishwa miaka ishirini na kurudi mbichi vile sikuwahi kuuona, na nilimshukuru Mungu kwa kuniwezesha kuuona.

Alimaliza miezi minne na siku kumi hapungukiwi hata na siku moja. Akaogeshwa, akavishwa kanga mpya, akafukizwa udi, akatoka barazani kutazama nani kamwaga maji machafu mbele ya nyumba yake.

Muswada mpaka leo haujafika Bungeni. Nimeuliza. Yule binti wa Lushoto bado ananijibu kwa simu, na jibu lake ni lilelile, kwamba wanaendelea. Shangazi kila nikienda huniuliza kama bibi harusi ameletwa, nikisema bado anasema basi, wako wanaovaa taratibu. Ameniambia akitangulia yeye, bahasha ya kaki ni yangu, na nisiitie kabatini kwa sababu ya mende.

Shaabani iliyopita alituma mtu aniite, nije na kalamu. Nilimkuta uani, kigoda cha pili tayari. Alikaa pembeni yangu kama tulipokuwa tukiandika zile barua, akaanza kunitajia majina ya wazee: babu zetu, mabibi, baba yangu, watoto waliokufa wadogo. Aliposhuka mpaka mwisho alimtaja mumewe, jina lake, jina la baba yake na la babu yake. Nililiandika. Kwa mwandiko, jina lile ndilo baya kuliko yote niliyowahi kuyaandika kwenye karatasi ile.

"Andika na mbele yake," akasema. "Hajulikani alipo."

Nikamwambia mbele ya majina hatuandiki kitu. Akasema ya wengine usiandike, makaburi yao tunayajua.

Siku ya hitima mwalimu alisoma mfululizo mpaka akafika mwisho wa karatasi. Hapo alisita, akainua macho kunitafuta, akakumbuka kwamba mimi niko uani na wanawake. Kisha akasoma kama ilivyoandikwa, jina, na maneno yale mawili mbele yake. Wanaume wakaitikia amina. Shangazi naye akaitikia, akabeba sinia la visheti, akaanza kuwagawia watu.